Mmea Uliouacha Mpakani

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini maneno haya yatakukuta ukiwa mzima, popote ulipo ng'ambo ya mto. Nakuandikia wazi kwa sababu sina anwani ya kuandika juu ya bahasha. Mchungaji amekubali barua yangu iingie katika jarida la usharika wetu, lile la kurasa chache zilizobanwa kwa pini, kwa kuwa wafanyabiashara na wakwe za watu huvuka nalo mto. Huenda siku moja litafungiwa sabuni au karanga na kufika mkononi mwako. Kama atakayesoma si wewe, namwomba asilitupe. Amtafute mwanamke mrefu, mwenye mwanya, anayecheka kabla hajamaliza kusema, ambaye zamani alikaa Isingiro jirani na sisi. Amwambie Adelina anamsalimu.

Najua swali lako la kwanza. Hutauliza kama nimefaulu, wala kama mgongo wa mama umepona. Utauliza kama mmea ule bado upo. Nitakujibu, ila niruhusu nianze mbali kidogo, maana katikati hapa ulikaribia kung'olewa, na nisingependa ujue mwisho bila kujua jinsi tulivyofika.

Wewe na mama hamkuzaliwa tumbo moja. Wazazi wa mume wako walivuka mto zamani wakapewa ardhi jirani na babu, na wewe ukaja kuolewa hapo. Vibanja vyetu viligusana. Migomba yenu na yetu ilichanganya majani juu, na chini katikati ilisimama safu ya milamula aliyoipanda babu mbele ya mashahidi, ili kila mtu ajue kwake kunaishia wapi. Mama alikuita mdogo wangu, basi mimi nikakuita Mama Mdogo, na hakuna aliyenisahihisha.

Kumbukumbu yangu ya kwanza ya mmea ni ya bondeni, tulikochota maji. Wakati huo kijito kilikuwa bado kimefunikwa na msitu mwembamba, msitu wa kuvuka kwa pumzi moja, lakini ndani yake kulikuwa na ubaridi ambao sijaupata mahali pengine. Ulinitwisha kidumu kidogo, wewe ukabeba kikubwa, na kila mara ulisimama mahali pale pale, kwenye mti mkubwa uliozungukwa na mmea wa kutambaa. Shina lake lilikuwa nene chini kama mtungi, halafu likawa jembamba na kupanda juu, likijishikilia kwa vikono vilivyojikunja. Maua yake yalikuwa madogo, ya kijani hafifu, ya kupitwa bila kuonwa. Nilidhani ni pasheni ya porini. Nilipotaka kuchuma tunda ulinikamata mkono, ukasema lina sumu na hata mbuzi wanalijua.

"Huu si wa watu," uliniambia. "Ni wa vipepeo. Sisi tuna migomba."

Ukanionyesha wenyewe, wale wekundu wenye madoa meusi, wakiruka polepole kama watu wanaotoka kanisani. Ulisema hawana haraka kwa sababu ndege hawawali. Ni wachungu, na uchungu huo wameula utotoni katika majani yale. Ukageuza jani moja ili nione vidoti viwili karibu na kikonyo, ambapo sisimizi walikuwa wanakunywa. Nikakuuliza ni nani alikufundisha mambo hayo. Ukajibu kwamba hakuna. Ulikuwa tu na tabia ya kuchelewa kurudi na maji.

Msitu ule ulikatwa nikiwa darasa la tatu. Sitaki kuwalaumu waliokata. Watu walikuwa wameongezeka, kuni zimeadimika, na kila nyumba ilihitaji kupika. Mama naye alipikia kuni zile zile, na maharage yakaiva, tukala. Lakini nakumbuka siku ulipotoka bondeni na kidumu kitupu. Kanga uliyojifunga kiunoni ilikuwa imejaa matunda ya njano yaliyoanza kupasuka na vipande vya shina vinavyotoa maji. Mama akakuuliza maji yako wapi. Ukamwambia maji yatakuwepo kesho.

Mbegu ulizitundika juu ya meko, kwenye moshi, kama tunavyofanya sote na mbegu za mahindi. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu hivyo ndivyo mbegu inavyotunzwa kwetu. Ulipozipanda hatukuona kitu. Mvua ilinyesha vizuri, maharage yakatoka, nyasi zikatoka, mbegu zako hazikutoka. Mwishowe ulichimbua moja ukaibinya kwa kucha, ikawa unga. Moshi ulikuwa umeiua. Ukapangusa kucha, ukasema mbegu ya msituni haijazoea jikoni.

Tukabaki na vile vipande vya shina ulivyokuwa umevichomeka kivulini. Ulivitia katika vikopo vya maganda ya mgomba vilivyojaa udongo mweusi, kama watu wanavyofanya na miche ya kahawa, na kazi yangu ikawa kuvinyunyizia maji kwa kopo lililotobolewa. Vingi vilioza. Vichache vikashika. Lilipotokea jani la kwanza uliniita kutoka kwenye kazi yangu ya hesabu, na mama akalalamika kwamba unaniharibia masomo kwa ajili ya jani. Sasa mwalimu wa sayansi ananifundisha kwamba mmea ule kweli ni jamaa ya pasheni, na mimi najiona nilianza somo hilo mapema kuliko wenzangu.

Shida ikawa mahali pa kupanda. Mume wako alikataa kibanjani kwenu na baba akakataa kwetu, wote kwa sababu moja, kwamba kitu chochote kinachopanda juu ya mkahawa hukatwa. Baba alisema kibanja ni cha migomba, kahawa na maharage; anayetaka msitu aende msituni.

"Shemeji," ulimjibu kwa heshima, "msituni ndiko ninakotoka. Haupo."

Siku chache baadaye nilikukuta umechuchumaa mpakani. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba mlamula haukatwi. Ndio shahidi wa mpaka baada ya mashahidi wenyewe kufa. Anayeupiga panga huitwa mbele ya wazee na kutozwa pombe ya ndizi, na watu humtazama kama mwizi wa ardhi. Hata sisi watoto tulipocheza tulizuiwa kuvunja majani yake. Ulikuwa umechimba shimo chini ya mlamula mnene kuliko yote, nusu ya shimo kwenu na nusu kwetu, na sauti yako ilikuwa ya mtu aliyepata kiti katika mkutano uliojaa.

"Hapa hakuna panga litakalofika."

Jioni baba aliuona, akauliza mmea huo ni wa nani. Ukasema ni wa mpaka. Alijaribu kukasirika, akashindwa. Tangu hapo akapata mchezo wake. Mmea ulipoegemea upande wetu, alikuita kwa sauti akikuarifu kwamba mtu wako amehamia kwetu bila barua ya mwenyekiti wa kijiji. Ulipogeukia kwenu, aliuliza tumemkosea nini hadi akaondoka bila kuaga.

Vipepeo walikuja msimu wa senene, wakati watu wote walikuwa wanatazama juu wakisubiri panzi hao wa kukaanga. Sijui walikuwa wamejificha wapi muda wote ule. Uliona mayai kwanza, ya njano, yamepangwa pamoja chini ya jani. Kisha wakatoka viwavi wadogo wenye miiba, wakaanza kula kwa bidii, wote kwa pamoja. Ulinikataza kuwagusa. Nilipokuambia kwamba wataumaliza mmea, ulisema ndiyo, wataumaliza, halafu utachipua.

Neno hilo mama hakulisikia. Siku uliyokwenda Nkwenda sokoni, alipita mpakani akakuta viwavi wamejaa na majani yamebaki mishipa mitupu. Alijua jinsi unavyoupenda mmea ule. Alikwenda mekoni, akajaza jivu kwenye ungo, akaupaka mmea jani kwa jani, juu na chini, kama anavyofanya mboga zikishambuliwa. Nilikuwa shuleni. Niliporudi, viwavi walikuwa chini, wamekauka. Mama alikuwa anakusubiri kwa furaha, amejifuta jasho, akukabidhi mmea wako uliookolewa.

Ulifika na kikapu kichwani. Alikushika mkono akakuonyesha. Ulitazama majani yale meupe, ukashusha kikapu, ukakaa juu ya majani makavu ya mgomba na kufunika uso. Nilidhani unalia. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikaona unacheka, na nilipokaribia nikaona unafanya yote mawili.

"Dada," ulimwambia, "umefukuza wageni, ukalinda sahani."

Mama aliposikia viwavi wale ndio vipepeo wako, aliona aibu hadi akakuletea chakula kilichopikwa, siku tatu mfululizo, kama nyumba yenye msiba. Ulikula. Siku ya nne ulimwomba alete na jivu la kuongezea chumvi, na hapo ndipo naye akaanza kucheka. Mvua ikaosha mmea. Ulichipua, kama ulivyosema. Msimu mwingine mayai ya njano yalirudi, na safari hii mama ndiye aliyesimama mpakani kuzuia kuku.

Mama Mdogo, siku zile nilidhani zitaendelea. Sikujua kwamba ndugu wa mume wako walikuwa wanarudi walikotoka baba zao, na kwamba naye alikuwa anahesabu kuwafuata. Wewe hukusema kama unataka au hutaki. Uliendelea kupalilia maharage ambayo usingeyavuna. Asubuhi ya kuondoka nilikuona umefunga godoro, sufuria na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Mama alikupa kahawa ya kutafuna aliyoifunga kwenye jani la mgomba, kama anavyompa mgeni wa heshima, na hamkutazamana. Baba alimsaidia mume wako kukaza kamba kwenye baiskeli ingawa ilikuwa imekazwa tayari.

Hukuja kuniaga mlangoni. Ulikuja mpakani, ukapenyeza mkono katikati ya majani ya mlamula, ukashika wangu. Nilijiandaa kusikia maneno makubwa. Nilikuwa darasa la sita, na nilidhani watu wakiachana husema maneno makubwa.

"Usiupe jivu," ulisema.

Basi. Ukaenda. Kwa muda mrefu neno hilo liliniuma kwa udogo wake. Nililigeuza kichwani nikienda shule, nikitafuta kama umeficha lingine ndani yake. Sasa naona ulinipa kazi, na mtu mwenye kazi hapati nafasi kubwa ya kulia.

Kibanja chenu kimekuwa cha Mzee Petro, mtu wa Songambele. Ungempenda. Anatandaza nyasi chini ya migomba vizuri kuliko sisi, na mikahawa yenu ya zamani ameipunguza matawi hadi imekuwa kama imezaliwa upya. Mwaka wa kwanza hakusema lolote juu ya mmea. Lakini mvua zilizopita viwavi walikuwa wengi kuliko wakati wowote, na mkahawa wake wa kwanza uko hatua chache kutoka mpakani. Nilimkuta amesimama na jembe. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia atang'oa mmea ule Jumamosi, kabla wadudu hawajahamia kwenye kahawa. Nikamwambia hawali kahawa.

"Binti," alisema, "mimi nilinunua shamba. Sikununua viwavi."

Hakusema kwa ubaya. Kahawa ndiyo ada ya watoto wake. Ningekuwa na mkahawa wangu nami ningeogopa. Lakini bondeni hakuna tena mmea ule, na vilimani nimetafuta sijauona. Kama ungeng'olewa pale, vipepeo wangekuja msimu wao wakazunguka milamula, wasikute kitu cha kuwekea mayai, na nisingekuwa na la kukuambia.

Nilikwenda kwa mwalimu wa sayansi nikizuia machozi. Hakunipa maneno ya kumshinda Mzee Petro. Aliniuliza, mtu akisema hali kitu fulani, unajuaje kuwa ni kweli. Nikasema unamwekea mezani. Akasema basi.

Nikarudi kwa Mzee Petro kumwomba kikapu. Nilitaka kiwe chake na kikae nyumbani kwake, asije akafikiri nimefanya ujanja. Ndani tuliweka tawi bichi la mkahawa, jani changa la mgomba na kitawi cha maharage, halafu viwavi kadhaa, tukafunika kwa kitambaa. Mke wake alicheka akasema siku hizi viwavi wanapikiwa vyakula mchanganyiko kuliko wageni wa kanisa. Jumamosi aliniita. Majani yote yalikuwa mazima. Viwavi walikuwa wamepanda kwenye kitambaa, wembamba, wakitafuta njia ya kutoka. Mzee Petro aligeuza tawi la mkahawa mara nyingi, jani baada ya jani, akitafuta hata tundu moja.

"Hawali," alikiri.

Nilidhani yamekwisha. Lakini akakumbuka sumu. Alisema ana watoto wadogo, na tunda la njano linamwita mtoto kama embe. Nilibaki nimeshika kikapu, na nakuambia kweli, niliona mmea umeshang'olewa.

Baba alikuwa upande wetu akikata majani makavu ya mgomba. Sikujua kwamba anasikiliza. Alikuja taratibu hadi mpakani, akaweka panga chini kwanza, kama inavyostahili mtu akisogelea mlamula.

"Petro," alisema, "mti huu una pande mbili. Ukichimba mizizi kwako, umechimba na kwangu, na hapo itabidi tuwaite wazee." Kisha akashusha sauti. "Aliyeupanda ni jirani yetu. Tunamtunzia."

Baba alisema hivyo, Mama Mdogo. Baba yule yule aliyesema anayetaka msitu aende msituni. Mzee Petro akauliza utarudi lini. Baba akajibu kwamba hatujui. Kuku walikuwa wakichakura upande wenu. Mwishowe Mzee Petro alisema matunda atayachuma mwenyewe kabla hayajaiva na kuyafukia, na shina alilinde anayelitaka. Akaniachia kikapu.

Basi jibu lako ni hili: upo. Shina lake limenenepa hadi siwezi kulizunguka kwa viganja viwili.

Na kuna jingine. Mwalimu alizungumza na serikali ya kijiji, tukaruhusiwa kupanda miti kando ya kijito, ile ya asili ambayo wazee waliitaja mmoja mmoja wakibishana. Darasa letu lilichimba mashimo. Mimi nilikata vipande vya mmea wako, nikavitia kwenye vikopo vya maganda ya mgomba, na sikuruhusu mtu yeyote kupeleka kitu mekoni. Vilivyoshika nimevipanda kwenye miguu ya miti ile. Miti yenyewe bado iko kiunoni kwangu, kwa hiyo nimeisimikia mimea vijiti ipande kwa muda. Sitaki kukudanganya: bondeni pale bado ni nyasi na jua, maji ni machache kuliko ulivyoyaacha, na mbuzi wamekanyaga baadhi ya miche. Hakuna kipepeo aliyefika huko. Kutoka mpakani hadi kijitoni kwa mwendo wao ule wa kutoka kanisani ni safari. Lakini njia ni ya mteremko, na mimi huenda kuchota maji kila siku, na nimeanza kuchelewa kurudi.

Nimalize kwa jambo la juzi. Nilikuwa napalilia upande wetu, nimeinama, hawakuniona. Mke wa Mzee Petro alitoka jikoni na ungo wa jivu, akaelekea kwenye mboga zake zilizo karibu na milamula. Viwavi wapya walikuwa wameanza kula. Alisimama, akautazama mmea, akainua ungo. Mzee Petro alikuwa juu ya ngazi akitengeneza paa, misumari mdomoni. Akaitoa.

"Mama Datiusi," alisema, "usiupe jivu."

Alisema kama mtu anayesema neno lake mwenyewe, la siku zote, kisha akarudisha misumari mdomoni na kuendelea kugonga. Mke wake akageuza ungo akaenda kwenye mboga. Nilibaki nimeinama vile vile kwa muda, jembe mkononi, nikitamani ungekuwa karibu nikukimbilie na habari hiyo. Kwa kuwa hukuwapo, ndiyo maana nimeandika.

Mama anakusalimu, na anasema bado anakudai kicheko kimoja. Baba hasemi, lakini aliniuliza kama nimeandika kwamba shina limenenepa. Msalimie mume wako, Baba Inosenti, na wote mlio nao. Ukija, usizunguke mlangoni. Pita mpakani, nitakuwa hapo.

Nakupenda, nakuombea, nakungoja.

Ni mimi, mwanao wa upande wa pili wa mlamula,

Adelina